Presha na Figo: Ipi Ilitangulia?

 Mmeniita hapa Kasikeu, Makueni, nizungumze juu ya figo na presha. Nitaanza na mahindi.

Mwaka 2004 mnaujua kuliko mimi. Watu wa Makueni na Kitui walianza kuwa na macho ya manjano, matumbo yakavimba, wakafa. Kufikia Julai 20 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walikuwa wamefariki. Watafiti wa Wizara ya Afya na wenzao kutoka Marekani walipita boma kwa boma. Wakachukua damu, wakachukua mahindi, wakalinganisha nyumba iliyougua na nyumba ya jirani iliyosalimika. Jibu lilipatikana upesi. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota ukungu, na ukungu ule ukaacha sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini.

Sumu ile, pamoja na ukatili wake, ilikuwa na hisani moja: haikuchelewa. Mtu aliugua gunia likiwa bado liko ghalani. Figo hazina hisani hiyo. Mtu anapoambiwa leo kwamba figo zake zimechoka, huenda kilichozichosha kilianza miaka 20 iliyopita. Gunia lililiwa zamani, kisima kilishafukiwa, na aliyekuwa akimuuzia vidonge ameshafunga duka. Mtafiti akifika hakuti ghala la kupekua.

Nimejaza fomu za wagonjwa wa figo kwa miaka mingi. Kwenye fomu hizo kuna mstari unaouliza chanzo cha ugonjwa. Mgonjwa ameletwa, miguu imejaa maji, anahema akiwa ameketi, kreatinini, taka ya damu inayopaswa kutolewa na figo, imepanda hadi maabara inarudia kipimo kwa kutoamini, na mashine ya presha inasoma 210 kwa 120. Hapo mkono wangu huandika neno moja: presha. Nakiri mbele yenu kwamba mara nyingi neno lile lilikuwa ubashiri. Nilikuta magonjwa mawili katika mwili mmoja, nikauita mmoja mzazi na wa pili mtoto, wala sikuwapo mmojawapo ulipozaliwa. Figo zikishasinyaa, hata ukizikata kijipande ukakitazama kwa darubini, mara nyingi haziwezi tena kukuambia zilisinyazwa na nini. Nimekuja kuzungumza juu ya neno hilo moja, kwa sababu likiandikwa vibaya kwenye mafaili elfu linakuwa takwimu ya taifa, na takwimu ya taifa ndiyo inayogawa pesa za utafiti.

Tuelewane kwanza juu ya kazi ya figo. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu. Wachota maji wa hapa watanielewa nikisema ni mitungi 9 ya lita 20. Karibu maji hayo yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi. Figo ndizo zinazoamua kiasi gani cha maji na chumvi kibaki, na kwa njia hiyo ndizo zinazoamua damu isukume kuta za mishipa kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo anayedhani presha ni ugonjwa wa moyo peke yake ameangalia bomba akasahau bwawa.

Daktari wa kwanza kuona undugu huu vizuri alikuwa Richard Bright wa Guy's Hospital, London, aliyeanza kuandika juu yake mwaka 1827. Chombo chake kilikuwa kijiko. Alitia mkojo wa mgonjwa kijikoni, akaushika juu ya mshumaa, na mkojo ukiganda kama ute wa yai alijua kwamba protini inavuja kutoka kwenye damu. Wagonjwa hao walipokufa aliwapasua, akakuta figo zilizosinyaa na, pembeni, moyo uliotanuka. Wakati huo mashine ya kupimia presha ilikuwa haijabuniwa. Katika miaka ileile ya 1890 ambapo reli ilikuwa ikisogea kutoka Mombasa kuelekea Sultan Hamud hapo chini, huko Stockholm Robert Tigerstedt na Per Bergman walisaga figo za sungura, wakawadunga sungura wengine maji yake, na presha ikapanda. Kitu hicho wakakiita renini. Mwaka 1934 Harry Goldblatt alibana mishipa ya figo za mbwa wenye afya, na presha yao ikapanda pia.

Jaribio linalonigusa zaidi ni la Marekani, lililochapishwa mwaka 1983. Wagonjwa 6, wote Waamerika weusi, walikuwa na faili zilizosema kwamba presha ndiyo iliyoua figo zao. Walipandikizwa figo za watu wasio na historia ya presha. Miaka ikapita, na presha yao ikashuka hadi ya kawaida. Moyo ulikuwa uleule, mishipa ileile, damu ya ukoo uleule. Kilichobadilika ni figo. Wagonjwa 6 ni wachache, na sitaki kujenga nyumba juu ya nguzo 6. Lakini yeyote aandikaye "chanzo: presha" anapaswa kuwakumbuka kabla hajafunga kalamu.

Sisemi presha haina hatia. Presha ya juu isiyotibiwa hukakamaza mishipa midogo ya figo mpaka vichujio vikose damu, na hilo limethibitishwa bila ubishi. Ninachosema ni kwamba barabara hii ina njia mbili, na sisi tumezoea kusimama upande mmoja tu tukihesabu magari.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna ushahidi wa karibu. Watafiti walipima watu wazima katika jamii ya Moshi, chini ya Kilimanjaro, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Asilimia 7 walikuwa na ugonjwa wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15.2, vijijini asilimia 2. Kisha wakauliza: kati ya hao wagonjwa, wangapi wana presha, au kisukari, au virusi vya UKIMWI, yaani washukiwa wetu wa kila siku? Karibu nusu yao, asilimia 49.1, hawakuwa na hata kimoja. Nusu ya wagonjwa hawana mshukiwa! Kesi ya namna hiyo ikifika mahakamani, hakimu atamwambia mpelelezi arudi kazini.

Basi turudi kazini. Na tuanze na presha yenyewe, kwa sababu katika jambo hili Kenya imeifundisha dunia.

Mwaka 1929 daktari mmoja wa kikoloni, C. P. Donnison, aliandika juu ya watu 1,000 aliowapima Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa nchi hii. Hakuona presha ikipanda kwa umri kama ilivyokuwa Ulaya, na hospitalini kwake, katika wagonjwa wapatao 1,800, hakumpata hata mmoja wa ugonjwa huo. Wengine walichukua habari hiyo wakaifanya hadithi ya Mwafrika aliyeumbwa tofauti. Hadithi hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1960 A. G. Shaper na wenzake waliwafuata vijana wa Kisamburu walioingia jeshini. Walikuwa wa ukoo mmoja na ndugu zao waliobaki na ng'ombe, lakini sasa walikula chakula cha kambi chenye chumvi, na presha yao ikapanda.

Kazi kubwa zaidi ni ile ya Neil Poulter na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1990. Waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Hawakungoja wahamiaji wazeeke. Waliwapima tangu miezi ya kwanza baada ya kuhama, wakakuta presha imeshaanza kupanda. Mkojo ulieleza sababu: sodiamu, yaani chumvi, ilikuwa imeongezeka, potasiamu imepungua, na uzito wa mwili umepanda. Nawaomba vijana mlisikie neno "miezi". Mzee wa miaka 60 anayeanguka kwa kiharusi huenda presha yake ilianza mwezi aliopata kazi yake ya kwanza mjini.

Sasa angalieni Kasikeu. Barabara ya Mombasa iko hapo. Kijana anaondoka asubuhi, adhuhuri yuko Mlolongo au Athi River. Nyumbani aliacha muthokoi wa mahindi, mbaazi, kunde na majani yake, ndengu. Na huko ndiko potasiamu inakokaa. Anakokwenda ni chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, mkate, soseji, na mchuzi uliokolezwa kwa unga wa pakiti. Tena hata asiyeondoka amefuatwa na duka. Na akina mama, msinikasirikie: magadi mnayotia kwenye isyo, yaani mahindi na maharagwe, ili yaive upesi nayo ni sodiamu, hata kama ladha yake si ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile iliyofichwa ndani ya mkate.

Najua swali linalonisubiri, kwa maana limeulizwa tangu nilipoteremka garini: na maji yetu ya chumvi je?

Miamba iliyo chini yetu ni ya kale sana, na maji yanayokaa ndani yake miaka mingi huyeyusha vilivyomo. Ndiyo maana visima virefu vingi vya Makueni na Kitui vina chumvi, na vingine vina floridi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Floridi hutolewa mwilini na figo. Figo zikiwa dhaifu, inabaki ndani. Huko Sri Lanka, katika Mkoa wa Kaskazini Kati, wakulima wa mpunga walianza kufa kwa ugonjwa wa figo katika miaka ya 1990 bila kisukari wala presha ya kueleza, na watafiti wameshuku maji magumu, floridi, kadimiamu na dawa za kunyunyizia mimea. Miaka 30 baadaye bado wanabishana.

Hata hivyo msikimbilie kukihukumu kisima. Huko pwani ya Bangladesh, ambako bahari inaingia kwenye maji ya kunywa, uchunguzi mmoja ulihusisha maji ya chumvi na presha ya wajawazito. Kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Kisha mwaka 2019 ukaja uchunguzi mwingine wa eneo hilohilo, ukakuta kwamba wanaokunywa maji yenye chumvi kidogo walikuwa na presha ya chini kuliko wanaokunywa maji baridi. Maelezo waliyotoa ni kwamba maji yale hayakuwa na sodiamu pekee. Yalikuwa pia na kalisi na magnesi, ambazo hushusha presha. Ulimi unaonja chumvi, hauonji kalisi. Kwa hiyo mtu akija kuwauzia mashine ya kusafisha maji kwa kuwatisha na figo, mwambieni awaonyeshe kwanza kipimo cha maabara cha kisima chenu.

Maji ambayo sina wasiwasi nayo kwa upande wa chumvi ni ya mchanga. Bwawa la mchanga linashika mvua ya msimu huu, halikai na mwamba miaka 100. Mchanga ukizolewa mtoni kupelekwa kujenga maghorofa Nairobi, maji hayo yanakwenda nao, na mwananchi anarudi kwenye kisima cha chumvi. Kaunti hii ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Kwangu mimi hiyo ni sheria ya afya, japo haikuandikwa na madaktari.

Na wale wanaouzoa mchanga wenyewe nawafikiria sana. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliripoti wagonjwa wa figo wasiofanana na wa vitabuni: wengi wanaume, wafanyakazi wa mashambani katika nyanda za joto karibu na Bahari ya Pasifiki, wasio na kisukari, wengi presha yao haikuwa juu mwanzoni. Huko Nicaragua hali ikawa hiyohiyo. Mshukiwa mkuu sasa ni joto pamoja na kazi ngumu na kiu, siku baada ya siku: figo inajeruhiwa kidogo, inapona nusu, inajeruhiwa tena. Pale ambapo wakata miwa walipewa maji, kivuli na mapumziko, majeraha hayo yalipungua. Kijana anayepakia lori la mchanga saa 8 mchana, chupa moja ya soda tumboni, na jioni ananunua vidonge vya maumivu ya mgongo, ndiye ningependa apimwe kwanza katika Kasikeu nzima.

Vidonge hivyo navyo tusivipite. Ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake hubana mishipa inayoleta damu kwenye figo. Mtu mwenye afya na aliyekunywa maji akimeza siku 3, huvumilia. Mtu aliyekauka kwa jua akivimeza kila wiki mwaka mzima anacheza na figo zake, na vikishapandisha presha, atakuja kwangu nami nitaandika "chanzo: presha". Kuhusu miti shamba sitasema maneno makali, kwani walioumizwa na mmea si wanakijiji peke yao. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walieleza jinsi wanawake waliokwenda kwenye kliniki ya kupunguza unene walivyopewa mitishamba ya Kichina, figo zao zikafa upesi. Sumu ilikuwa asidi ya aristoloki. Sumu hiyohiyo ndiyo ilikuja kutambulika kuwa chanzo cha ugonjwa wa figo wa vijiji vya kando ya mto Danube, uliojulikana tangu miaka ya 1950: magugu yenye mbegu za sumu yalikuwa yakivunwa pamoja na ngano na kusagwa unga wa mkate. Kwa nusu karne watu walilaumu visima, makaa ya mawe na ukungu.

Juu ya urithi wa damu nitakuwa mfupi. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba aina mbili za jeni iitwayo APOL1 huwakinga watu dhidi ya vijidudu vya malale, lakini mtu akirithi kutoka pande zote mbili figo zake zinakuwa katika hatari. Ziko kwa wingi Afrika Magharibi na kwa Waamerika weusi. Afrika Mashariki ni chache zaidi. Jibu la Chicago si lazima liwe jibu la Makueni. Na mwaka 2025 watafiti walioshirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, walionyesha kwamba Waturkana wana mabadiliko katika jeni ya STC1 yanayosaidia figo kutunza maji jangwani. Figo zilizofundishwa kubana maji kwa maelfu ya miaka zikihamia mjini, huenda somo hilo likageuka mzigo.

Kuna jambo lenye kuudhi zaidi. Mizani yenyewe ilikuwa mbovu. Nguvu ya figo hukadiriwa kwa kanuni ya hesabu kutoka kreatinini ya damu. Kanuni ya mwaka 2009, iliyotungwa Marekani, iliongeza jibu kwa karibu asilimia 16 mgonjwa akiwa mweusi. Mtu alikuwa mgonjwa, hesabu ikamwambia hajambo. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021. Mwaka 2022 watafiti June Fabian, Robert Kalyesubula na wenzao wakatoa matokeo ya kupima figo moja kwa moja Malawi, Uganda na Afrika Kusini, wakaonyesha kwamba kanuni za kukadiria huzipa figo za watu wetu sifa zisizostahili. Kwa hiyo wagonjwa ni wengi kuliko tulivyoandika.

Mtu akishafika mwisho wa njia, gharama haifichiki. Bima ya taifa ya zamani, NHIF, ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa kila kusafisha damu, mara 2 kwa wiki. Kwa mwaka ni shilingi 988,000 kwa mgonjwa mmoja. Kaunti yenu, katika mpango wa MakueniCare ulioanza 2016, ilitoza kaya nzima shilingi 500 kwa mwaka. Fanyeni hesabu: ada za kaya 1,976 kwa mashine ya mtu mmoja.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa maishani. Hapo ndipo ubashiri wangu wa kwenye fomu unapoanzia. Kama presha yako na mkojo wako vingepimwa ukiwa na miaka 20, kisha 25, kisha 30, hakuna daktari ambaye angebahatisha ipi ilitangulia. Mkojo ukivuja protini kabla presha haijapanda, figo ndizo zilizoanza. Presha ikipanda miaka mingi mkojo ukiwa safi, basi lawama ni ya presha, na chumvi, na uzito.

Huko Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, wanavijiji walikubali mwaka 1989 kupimwa na kuulizwa mara kwa mara kwa ajili ya utafiti wa UKIMWI. Leo orodha ileile ya watu inatumika kuchunguza presha na figo. Hawakuwa na hospitali kubwa kuliko yenu. Walichokuwa nacho ni subira, na watafiti waliorudi. Watafiti wakija Kasikeu, wapokeeni kwa sharti hilo: atakayechukua damu yetu arudi na majibu yetu, kwa lugha yetu, kabla hajayapeleka kwenye jarida lake.

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mkojo umeachwa nje, ingawa karatasi ya kuupima ni ya bei ndogo na haihitaji umeme. Naiomba serikali ya kaunti iiongeze mkobani. Kwa leo tumekuja na zetu. Wahudumu wako hapo nje chini ya mwembe. Wazee watangulie kwenye foleni, ila nyinyi wa miaka 20 msiondoke. Ninyi ndio niliowajia.